Hesabu ya Paa la Msonge

Kibirichia imo katika Buuri, nchi ya Wameru wakaao upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kwenye nyanda za baridi zenye udongo uliotokana na zaha na majivu ya mlima huo zama za kutema moto, mahali ambapo viazi ndivyo vinavyolipa karo ya watoto na deni la duka. Katika nchi hiyo umbo moja hukutana na macho ya mtu kila aelekeako. Ni umbo lililo duara chini, likapungua kwa usawa kadiri lipandavyo, likakoma juu kwa ncha moja. Waalimu wa hesabu huliita pia, nalo ndilo lililokuwa paa la nyumba za wazee, ndilo faneli ya kumiminia maziwa, ndilo lundo la viazi vilivyomwagwa kando ya shamba, na ndilo, kama tutakavyoona mbele, kichwa cha gunia ambacho kimewatia wakulima hasara isiyo ndogo.

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyesoma nchini Kenya kwa mtaala wa 8-4-4 alifundishwa kutafuta eneo la uso wa pia, na aghalabu alifundishwa kwa kukaririshwa: pai mara nusu ya kipenyo mara mshazari, basi, kitabu kikafungwa. Wengi waliisahau kanuni hiyo kabla wino wa mtihani haujakauka, wala siwalaumu, maana hawakuonyeshwa ilikotoka. Dai langu katika makala haya ni kwamba eneo hilo laweza kupimwa kwa kamba tupu na mtu asiyejua herufi moja ya jometria, madhali amefahamu kwamba katika umbo hili kipimo chenye neno ni mshazari, yaani urefu wa mteremko kutoka ukingoni hadi nchani, wala si kimo, yaani urefu uliosimama wima kutoka usawa wa ukingo hadi nchani.

Tuanze na nyumba. Makazi ya kale ya Wameru, kama yale ya jirani zao Waembu, yalikuwa ya msonge: ukuta wa mviringo, na juu yake makombamoyo yaliyoegemezwa pande zote yakakutana katikati, yakafungwa fito za mzunguko, kisha yakaezekwa nyasi. Hata gaaru, ile nyumba kubwa ya vijana wapiganaji, ilikuwa na paa la namna hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Atakaye kuliona jambo hili kwa macho na aende Makumbusho ya Meru, mjini Meru, katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni, ambako limejengwa boma la mfano la kienyeji. Asimame chini ya paa, ainue uso, aone jinsi makombamoyo yalivyotawanyika kutoka nchani kuja ukingoni, kila moja na urefu ule ule.

Sasa tuseme mtu ataka kujenga nyumba ya msonge, iwe kwa ajili ya kupokea wageni au kwa kuonea fahari asili yake, na ukingo wa paa ni duara ambalo nusu ya kipenyo chake ni mita 3, na ncha ya paa imesimama mita 4 juu ya usawa wa ukingo. Nyasi zitakazohitajika ni za kufunika eneo gani? Mtu wa haraka hupima sakafu, akapata mita za mraba 28 na ushei, akanunua nyasi za kiasi hicho, akashangaa zinapokwisha paa likiwa bado uchi. Mwingine, ajionaye mwerevu kumshinda wa kwanza, huchukua kimo, zile mita 4, akakizidisha kwa pai na nusu ya kipenyo, akapata mita za mraba 37.7, naye pia hupungukiwa. Wote wawili wamepima mahali ambapo hapana nyasi hata moja. Nyasi hazilali sakafuni wala hazisimami wima katika nguzo ya kati. Zimelala juu ya makombamoyo, na kombamoyo ndilo mshazari. Kimo cha mita 4, nusu ya kipenyo ya mita 3 na kombamoyo hufanya pembetatu yenye pembe mraba, na kwa kanuni ya Pythagoras, 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, ambayo kipeuo chake cha pili ni 5. Kombamoyo, basi, ni la mita 5, bila kuhesabu kichwa kinachozidi pale yanapofungwa pamoja, na eneo la paa ni pai mara 3 mara 5, yaani mita za mraba 47 na kidogo.

Lakini kwa nini iwe hivyo? Tulitazame paa kama alitazamavyo mwezekaji. Baina ya kombamoyo na kombamoyo pana nafasi iliyo nyembamba juu na pana chini, ambayo kwa kweli ni pembetatu ndefu: kitako chake ni kipande kifupi cha ukingo, na urefu wake ni ule mshazari. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara urefu. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi alijua. Tukizijumlisha pembetatu zote zilizolizunguka paa, urefu ni mmoja kwa zote, na vitako vyake vikiunganishwa hufanya mzingo mzima wa ukingo. Kwa hiyo eneo la paa ni nusu ya mzingo mara mshazari. Mwenye kubisha atasema kwamba kipande cha ukingo kimepinda kidogo, wala si mstari ulionyooka, naye amesema kweli; lakini kadiri makombamoyo yanavyozidi wingi ndivyo upindaji huo unavyopungua, hata tukiyafikiri kuwa ni maelfu kwa maelfu hausalii na athari yoyote katika hesabu.

Hapo pai imekwenda wapi? Imo ndani ya kamba. Mtu akiizungusha kamba ukingoni mwa paa letu ataona imekula mita 18.85, akiipima tena kutoka ukingoni hadi nchani ataona mita 5, nusu ya 18.85 ni 9.42 na ushei, na mara 5 ni zile zile 47. Hakuandika fomula, hakutafuta katikati ya nyumba iliko, jambo ambalo si jepesi ikiwa pana nguzo au figa na chungu mahali hapo, na jawabu lake ni sahihi sawa na la mwalimu. Mimi naiona njia hii kuwa bora kuliko ya vitabuni, na lau ningepewa amri juu ya mtaala ningeitanguliza.

Kuna natija nyingine mbili zinazotokana na jambo hili, ambazo ni za manufaa kwa mwenye kujenga, na sijui kwa nini hazitajwi darasani. Ya kwanza ni kwamba paa huizidi sakafu iliyo chini yake kwa uwiano ule ule ambao kombamoyo huizidi nusu ya kipenyo. Paa letu lina kombamoyo la 5 kwa nusu ya kipenyo ya 3, basi ukubwa wake ni sakafu moja na theluthi mbili. Wajuzi wa kuezeka husema kwamba mteremko wa nyasi usipungue nyuzi 45, kwa sababu paa lililolala sana huyaacha maji yakazama badala ya kuteleza, na nyasi zikaoza; na kwa mteremko wa nyuzi 45 paa ni sakafu mara 1.41. Ukisimamishwa hadi nyuzi 60, kombamoyo huwa maradufu ya nusu ya kipenyo, na nyasi huwa za kufunika sakafu mbili kamili. Mwenye nyumba anayesisitiza paa lichongoke ili lipendeze na ajue analipia upendezi huo kwa matita ya nyasi.

Ya pili ni ya ajabu zaidi. Mwezekaji huanza chini, ukingoni, akapanda safu juu ya safu. Sasa alipofika nusu ya urefu wa kombamoyo, amemaliza kiasi gani cha kazi? Mwenye nyumba anayepita njiani akitazama juu atasema nusu, naye huenda akataka kulipa ujira wa nusu. Haki ni robo tatu. Sehemu iliyobaki juu ni pia ndogo ambayo mzingo wake ni nusu ya ule mkubwa na mshazari wake ni nusu vilevile, na nusu ya nusu ni robo. Katika mita za mraba 47 za paa letu zimebaki kama 12 tu. Fundi anayejua jambo hili hawezi kudhulumiwa, na fundi asiyejua hujifariji kwa kusema kwamba kazi ya juu huwa nyepesi.

Nyumba za msonge zimepungua mno siku hizi katika Meru na Embu, na sababu zilizotajwa ni nyingi: kuadimika kwa nyasi, hofu ya moto, mabadiliko ya maisha. Nadhani ipo na sababu ya hesabu tupu. Bati hutoka kiwandani likiwa na pembe nne, na paa la pia lataka pembetatu. Fundi akitaka kuliezeka kwa mabati hana budi kuyakata kila moja kwa mshazari, akageuza kipande kimoja juu chini ili kioane na mwenzake, na pamoja na uangalifu huo wote mabaki hujaa uani, na viungo vya kuvujia maji huwa vingi. Nyasi hazina pembe, hujaa popote. Nyumba ya mraba imelifuata bati, sio bati lililoifuata nyumba, na hivi leo paa la msonge laonekana zaidi katika hoteli na mabanda ya watalii kuliko katika boma la mkulima.

Burhani ya hesabu hii ni ya kale sana. Archimedes, mwanachuoni wa Kiyunani wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa pale Warumi walipouteka mji wake, aliithibitisha katika kitabu chake juu ya tufe na mcheduara, nayo aliitamka kwa namna ambayo leo yaonekana ngeni: kwamba uso wa pia, ukiacha kitako, ni sawa na duara ambalo nusu ya kipenyo chake, ikizidishwa kwa nafsi yake, hulingana na mshazari uliozidishwa kwa nusu ya kipenyo cha kitako. Katika paa letu 3 mara 5 ni 15, na duara lenye nusu ya kipenyo ya mita 3.87 hivi, ambayo mara yenyewe ni 15, lina eneo la mita za mraba zile zile 47. Karne nyingi baadaye elimu hiyo ilihuishwa Baghdad na ndugu watatu waliojulikana kwa jina la Banu Musa, yaani wana wa Musa, nao ni Muhammad, Ahmad na al-Hasan, waliolelewa chini ya himaya ya Khalifa al-Ma'mun katika karne ya tisa. Kitabu chao cha kupima maumbo kiliieleza pia na tufe kwa Kiarabu, na katika karne ya kumi na mbili kikafasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona, kikawa miongoni mwa milango ambayo kwayo Ulaya ilirudishiwa jometria.

Kutoka Baghdad twende sokoni. Fundi bati anayetengeneza faneli ya maziwa hana pembetatu za kujumlisha; yeye huenda kinyume, hulifungua umbo kabla halijawa umbo. Mteja ataka mdomo wa faneli uwe na kipenyo cha sentimita 24, na kimo cha sentimita 16. Fundi hodari atatafuta mshazari kwanza: nusu ya kipenyo ni 12, 12 mara 12 ni 144, 16 mara 16 ni 256, jumla 400, kipeuo chake 20. Atagonga msumari katika bati, atafunga uzi wa sentimita 20, na kwa ncha ya msumari wa pili atachora duara. Kisha atachukua waya laini wenye urefu wa mzingo wa mdomo, sentimita 75.4, ataulaza juu ya mstari wa duara alilochora, atatia alama unapoanzia na unapoishia, atachora mistari miwili kutoka alama hizo hadi kwenye msumari, ataacha kidole kimoja cha kukunjia, ndipo atakapokata. Kipande alichokipata ni sehemu ya duara yenye pembe ya nyuzi 216, nacho kikikunjwa na kingo zake zikakutana, faneli imesimama, ikabaki kukata ncha na kuungia mrija. Eneo la bati lililotumika, bila ya kidole cha kukunjia, ni nusu ya 75.4 mara 20, yaani sentimita za mraba 754.

Fundi asiye hodari hufunga uzi wa sentimita 16, maana mteja ametaja 16. Mdomo utakuwa ule ule wa 24, kwa kuwa waya ni ule ule, lakini faneli itakayosimama itakuwa na kimo kisichofika sentimita 11. Na bati lililokwisha kukatwa halirefuki.

Msomaji asiye na bati wala msumari na akate nusu ya duara katika karatasi, aikunje mpaka ncha mbili za mstari ulionyooka zikutane, kama wafanyavyo wauza njugu. Pia itakayopatikana, iwe karatasi ni kubwa au ndogo, sikuzote mshazari wake ni maradufu ya nusu ya kipenyo cha mdomo, na mteremko wake ni wa nyuzi 60. Ama pia iliyokatwa kichwa, mfano ndoo, hesabu yake ni hiyo hiyo, ila badala ya mzingo mmoja hujumlishwa mizingo miwili, wa juu na wa chini, ndipo ikachukuliwa nusu na kuzidishwa kwa mshazari. Na pia iliyofungwa chini huongezewa eneo la duara la kitako, jambo ambalo watahiniwa wengi hulifanya hata kwa paa, wakaipa nyumba sakafu ya nyasi.

Nimekiacha kichwa cha gunia hadi mwisho kwa sababu hapo ndipo hesabu ya uso na hesabu ya ujazo zinapoachana njia, na mwachano huo umewafaidi watu wengine, si mkulima. Wanunuzi wa viazi walizoea kulijaza gunia hadi mdomoni, kisha wakaliongezea juu wavu au kamba za kusuka, wakapanga viazi ndani yake mpaka vikafanya kilele. Wafanyabiashara wa Kenya hukiita mukorino, kwa kufananisha na vilemba vya waumini wa Akorino. Huko Tanzania gunia la aina hiyo huitwa lumbesa. Bei hutajwa kwa gunia, nalo gunia ni gunia, liwe na kilemba au lisiwe nacho.

Tuchukue mdomo wa gunia wenye nusu ya kipenyo ya sentimita 30, na kilemba chenye kimo cha sentimita 40. Mshazari ni sentimita 50, na wavu unaohitajika ni pai mara 30 mara 50, yaani sentimita za mraba 4,712, chini ya nusu ya mita moja ya mraba. Ujazo wa pia ni theluthi ya eneo la kitako mara kimo, nao hapa ni kama lita 38. Na kwa kuwa lita moja ya nafasi iliyojazwa viazi huwa na uzito wa karibu theluthi mbili za kilo, wavu huo mdogo umebeba zaidi ya kilo 20. Sasa mnunuzi akakipandisha kilemba hadi kimo cha sentimita 72. Mshazari umekuwa sentimita 78, wavu umekuwa sentimita za mraba 7,351, nyongeza ya asilimia 56. Lakini viazi vimefika lita 68 hivi, nyongeza ya asilimia 80. Kila akiongeza wavu, viazi huongezeka kwa kasi kuushinda. Na hiyo ni hesabu ya pia iliyonyooka mbavu, ilhali kilemba cha sokoni hufura ubavuni, na kilichofura hubeba zaidi.

Serikali ya Kenya ilitoa kanuni za zao la viazi mwaka 2019, ambazo kwazo gunia la viazi lisizidi kilo 50, na vilemba vikapigwa marufuku. Kanuni hizo ni za haki, na mizani ndiyo hakimu aliye bora. Lakini mizani haiko katika kila shamba, na lori huja asubuhi mapema. Kwa hiyo nawaomba waalimu wanaofundisha somo hili katika Buuri walete gunia na kamba darasani kabla ya kuandika herufi yoyote ubaoni. Na mkulima ambaye gunia lake limevikwa kilemba, naye hana mizani, apime mzingo wa mdomo, augawe kwa 6.28 apate nusu ya kipenyo, apime mshazari wa wavu, atafute kimo na ujazo kama tulivyofanya hapa, kisha ndipo akubaliane bei.